Kilichogonga Silinda ya Pili

Siku mliponiaga pale karakana mlinipa saa kubwa ya ukutani, na mmoja wenu akasema kwenye hotuba kwamba mimi ni hazina. Nashukuru. Saa nimeitundika sebuleni, hapa mtaani kwetu Lizaboni, na inakwenda vizuri, ingawa sina tena mahali pa kuwahi. Ila hilo neno hazina lilinikaa vibaya, maana hazina mara nyingi hufukiwa chini, na mimi bado natembea. Ndipo nikanunua daftari, nikaanza kuandika. Nani alipanda cheo na nani aliruka mwenzake, hayo waulizeni wenye mafaili. Mimi nitaandika juu ya injini, na watu walioziharibu, nikiwemo mimi.

Nilifika karakana nikiwa na cheti cha ufundi, ovaroli iliyonizidi mikono na miguu, na viatu vya kaka yangu vilivyojazwa magazeti mbele. Mkuu wa karakana wa wakati ule alisoma jina langu kwenye barua, Restituta, akaniangalia, akarudi kwenye barua, kama mtu aliyeagiza mfuko wa saruji akaletewa mfuko wa unga. Mwishowe alinipeleka kwa Mzee Nyoni. Baadaye niliambiwa sababu: Mzee Nyoni alikuwa fundi pekee asiyelalamika akipewa kitu chochote.

Nilimwamkia shikamoo. Kimya. Asubuhi ya pili nikamwamkia tena, akapita na spana yake kama vile nilikuwa stuli. Wiki nzima ikawa hivyo. Nikajiambia huyu mzee ameniona mwanamke, akaamua kunipuuza mpaka nirudi jikoni. Ijumaa hasira zikanishika, nikasimama mbele yake na kumpigia shikamoo ya kuamsha mtaa. Akageuka, akatabasamu vizuri kabisa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Kumbe unaongea. Mimi nilijua wameniletea bubu."

Mzee Nyoni hakuwa akisikia. Miaka aliyofanya kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto ilimmaliza masikio, lakini hakuwahi kumtangazia mtu, na wenzake walidhani mimi nimeshajua. Sasa, mtajiuliza fundi asiyesikia anatambuaje injini inayogonga. Alikuwa na bisibisi ndefu kama mkono. Ncha yake aliiweka kwenye bloku ya injini, mpini akauuma kwa meno. Mlio ulipanda kupitia meno na mfupa wa taya hadi ndani ya kichwa, huko ambako kokoto hazikuharibu kitu. Wengine walisimama mita tatu wakibishana kama ni vali au beringi, yeye anazunguka na bisibisi yake mdomoni, halafu anaweka alama ya chaki mahali fulani na kwenda kunywa chai. Tukifungua, ni palepale.

Mimi nilipojaribu mara ya kwanza niliuma kwa nguvu mno, nikatafuna upande mmoja mpaka Jumapili. Nilichosikia kilikuwa injini nzima ikinigombeza kichwani. Ilinichukua miezi kujifunza kwamba vali hugonga haraka na juujuu, kama mtu anayebisha hodi na hataki kukaribishwa. Kwamba beringi kubwa ya chini hugonga kwa uzito, na ukitia mzigo inazidi. Na kwamba dizeli iliyowaka kwa kuchelewa ina mlio wake mkavu unaoweza kumdanganya hata mtu mzima. Alinifundisha pia geji ya kupimia mgandamizo wa silinda, ile sisi tunayoita geji ya kompresheni. Ya kwake aliihifadhi ndani ya soksi ya sufu, na alipokwenda likizo alikwenda nayo.

Miaka ikapita hapo. Nikatibu matrekta ya wakulima wa tumbaku wa Namtumbo, mashine za kusaga, jenereta. Siku moja nilifungua nusu ya gari la afisa mmoja nikitafuta kilichokuwa kikigonga nyuma, nikakuta ni jeki yake mwenyewe, haijafungwa chini ya kiti. Afisa alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa na gari vipande vipande. Mzee Nyoni akastaafu, akaenda kupumzika kwake Mjimwema, na geji ndani ya soksi akaniachia mimi. Nikaanza kuitwa fundi mkuu na watu ambao zamani walinituma sigara.

Hapo ndipo ilipoletwa kesi ya boti.

Kando ya Ziwa Nyasa, mbele kidogo ya Mbamba Bay, kulikuwa na zahanati iliyokuwa na boti yake. Vijiji vya pwani ile vimekaa kati ya mlima na maji, na mvua zikianza, njia ya miguu inakuwa ya mbuzi tu. Boti hiyo ndiyo iliyopeleka chanjo vijijini na kupeleka wajawazito hospitali. Ilikuwa na injini ya dizeli ya silinda tatu. Barua ikaja kwamba injini inawaka kwa shida, inatoa moshi mweupe, haina nguvu na inagonga. Mkuu wa karakana wa wakati huo, bwana mmoja mwembamba aliyependa wino mwekundu, aliniambia niende nikaiangalie na nijaze fomu. Kama nikiandika kwamba haifai, boti itavutwa nchi kavu, na mpya itaombwa. Wote tulijua mpya ikiombwa inafika lini. Ile iliyoombwa kabla yake ilikuwa bado inaombwa.

Nikapanda basi, nikapita Mbinga, nikateremka milima ya Umatengo nikiwa nimepakata geji yangu kama mtoto. Ziwani nilipokewa na watu wawili. Mama Filomena, muuguzi mkuu wa zahanati, mnene, mpole, mwenye kutoa amri bila kupandisha sauti. Na nahodha Zefania, mtu wa makamo, mwenyeji wa ziwa, mrefu, mikono kama makasia. Nikawauliza maswali ya kawaida. Oili ilibadilishwa? Ilibadilishwa. Ilichemka? Haikuchemka. Iliwahi kuingia maji? Zefania akaangalia ziwa, Mama Filomena akaangalia viatu vyake, na wote wakajibu pamoja kwamba hapana. Nikaandika hapana. Fundi mwenye akili angeandika pia kuhusu viatu.

Wavuvi waliokuwa wakianika dagaa walikuwa wameshatoa majibu yao. Mmoja alisema ni pampu. Mwingine alisema dizeli ya siku hizi ni maji ya kunawa. Bibi mmoja aliyekuwa akiparua mbasa alisema injini imezeeka kama yeye, iachwe ipumzike. Nikawashukuru wote, nikafungua nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya silinda, na kufunga geji yangu, nikamwambia Zefania azungushe stata.

Silinda ya kwanza ikapanda hadi ishirini na nane. Ya tatu ishirini na nane. Ya pili ikafika ishirini, ikakataa kuendelea. Basi, mgonjwa nimempata. Kilichobaki ni kujua hewa inatorokea wapi. Nikatia kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ile, kijiko kimoja tu, vijana, msimimine kama mnakaanga maandazi. Kama ringi za pistoni zimelika, oili huziba na geji hupanda. Haikupanda. Nikaleta pistoni juu, vali zote zikiwa zimefunga, nikapuliza hewa ndani kwa pampu ya matairi. Nikasikiliza kwenye ekzosi, kimya. Kwenye njia ya kuingizia hewa, kimya. Kwenye mdomo wa kujazia oili, kimya. Maji ya kupoozea hayakutoa hata povu moja, kwa hiyo gasketi nayo nzima. Silinda ilikuwa imefunga kama mdomo wa bahili, na bado haikandamizi.

Sikuwahi kuona jambo hilo. Badala ya kukaa chini na kulifikiria, nikafanya kile watu wa cheo changu hufanya wakiwa wanatazamwa. Tukawasha injini, nikauma bisibisi, nikazunguka. Mlio ukatoka silinda ya pili, chini, mzito. Nikainuka na kutangaza mbele ya wavuvi wote kwamba ni beringi ya chini, imenoki, yaani imelika hadi inagonga, na hiyo kompresheni tutaishughulikia baadaye.

Injini ya boti huwezi kuifungua chini ikiwa imekaa kwenye boti. Wavuvi wanane waliacha dagaa zao, wakasimamisha magogo matatu, tukafunga mnyororo wa kunyanyulia, tukaitoa injini na kuilaza ufukweni juu ya mbao. Siku mbili zikaenda hapo. Nikafungua sampu, lile bakuli la oili la chini, nikafungua kofia ya konrodi ya pili, ule mkono wa chuma unaobeba pistoni, nikatoa beringi. Ilikuwa nzima. Imelika kidogo zaidi ukingo wa upande mmoja, basi. Nikaifuta, nikaigeuza, nikaitazama kwenye jua. Beringi nzima haiwi mbovu kwa kutazamwa.

Yule bibi wa mbasa aliniuliza kwa upole kama nimekiona. Nikamwambia bado. Akasema hata yeye miwani yake ilipotea siku mbili, kumbe anayo.

Nikapanda kwenye kilima chenye mtandao wa simu, nikampigia Mzee Nyoni. Kumpigia simu mtu asiyesikia kuna utaratibu wake: anapokea mkewe, unamwambia yeye, naye anampigia mzee kelele, na mzee anajibu kwa sauti inayofika Mbamba Bay bila simu. Nikaeleza yote. Mama akayarudia moja moja, na majirani wa Mjimwema nadhani siku ile walijifunza mengi kuhusu dizeli. Nikamwambia kwamba silinda imefunga kabisa lakini haivuki ishirini, inagonga, na beringi ni nzima, imelika ukingo mmoja tu. Pale mwisho nikamsikia mwenyewe akisema nyuma ya mkewe:

"Muulize imekunywa nini."

Mama akaanza kunirudishia, nikamwambia nimesikia. Nikateremka kilima mbio, mwanamke wa umri wangu na ovaroli, watoto wa shule wakinipisha njia.

Maji hayakandamiziki. Hilo tulifundishwa wote darasani, na wote tunalisahau mara tu tunapopata kazi. Silinda ikijaa maji, pistoni ikapanda, maji hayakubali kubanwa. Kitu kimoja lazima kikubali, na mara nyingi ni konrodi. Inapinda kidogo tu. Pistoni yake haifiki tena juu kama wenzake, nafasi inabaki kubwa, hewa inabanwa nusunusu. Hakuna inapotorokea kwa sababu haitoroki. Na kwa kuwa mkono umepinda, pistoni inakwenda mshazari, inagonga ukuta, na beringi inalika ukingo mmoja. Yote niliyokuwa nimeyaona kwa macho yangu, moja moja, nikakataa kuyaweka kwenye sahani moja.

Nikafungua silinda hedi. Nikaleta pistoni moja moja juu kabisa na kupima kwa kipimo cha milimita. Ya kwanza na ya tatu zilifika mahali pamoja. Ya pili ilibaki chini kwa milimita mbili kasoro kidogo. Milimita mbili ni unene wa shilingi. Kwa unene huo boti ilikuwa inakaribia kuwa tundu la kuku.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, nikamfuata Zefania alipokuwa akishona nyavu. Nikakaa, nikamwambia konrodi imepinda na kinachopinda konrodi namna ile ni maji. Alimaliza tundu alilokuwa akishona, akaweka sindano chini. Kisha akaniambia.

Kulikuwa na amri kwamba upepo wa kusini ukivuma, boti ya zahanati isiondoke. Siku moja asubuhi upepo ulikuwa umeshaanza, na kulikuwa na mama aliyekuwa akipata uchungu tangu siku iliyotangulia. Waliondoka watu wanne: Zefania, Mama Filomena, yule mzazi na mama mkwe wake. Walipokuwa katikati, wimbi likaja kwa nyuma, likafunika sanduku la injini. Injini ikazimika. Boti ikaanza kugeuka ubavu kwa mawimbi. Zefania akakanyaga stata, ikakwama. Akakanyaga tena, ikakwama. Alijua kwamba maji yameingia, na alijua kwamba inabidi kufungua nozeli na kuyatoa kwanza. Lakini hiyo ni kazi ya nusu saa kwenye boti iliyotulia, naye hakuwa na dakika tano. Akakanyaga mara ya tatu kwa muda mrefu. Akasikia kitu kikilia ndani, injini ikawaka, na tangu hapo ikawa inagonga.

"Andika ni mimi, fundi," akasema. "Mama Filomena usimtaje. Yeye hajui mambo ya injini."

Nikamuuliza huyo mama mzazi alifikaje. Akasema alifika vizuri, ila alikuwa ameshajifungua. Mtoto alizaliwa palepale katikati, wakati yeye anahangaika na stata, na hata hajui saa ngapi, kwa sababu alikuwa amewapa mgongo.

Asubuhi yake Mama Filomena aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniwekea chai na kiazi kitamu. Akaniambia amri ya kuondoka siku ile aliitoa yeye. Zefania alikataa mara mbili kwa sababu ya upepo, yeye akamwambia kama hataki, ampe usukani. Akaniomba niandike jina lake na nimwache nahodha, maana nahodha akifukuzwa pale hakuna mwingine anayejua miamba ya pwani ile.

Nilikunywa chai yote, nikaitoa fomu. Kwenye fomu yetu, mnaikumbuka, kuna mstari unaosema Chanzo cha Hitilafu, na chini yake mwingine unaosema Uzembe, kama upo, na wa nani. Watu wawili walikuwa wanagombania mstari huo kama wengine wanavyogombania kiti cha mbele. Ningeweza kuandika kwamba ni uchakavu, wote tukawa salama. Lakini nilijua fundi mwingine atakayefungua injini ile siku moja atasoma uchakavu, na ataipa dawa ya uchakavu. Tena wimbi lingine lingekuja, na hewa ya injini ingekuwa bado inaingilia palepale chini, dhiraa moja kutoka majini.

Kwanza nikatafuta konrodi. Injini ya aina ile niliikumbuka Tunduru, kwenye pampu ya maji ya wachimbaji wa vito, iliyokufa baada ya bloku kupasuka. Safari ya kutoka ziwani hadi Tunduru ni kuvuka mkoa mzima kwa basi, na nilipofika mwenye pampu aliniuliza kama nimekuja kununua mawe. Nikamwambia nimefuata mkono wa chuma. Akanihurumia. Konrodi ilikuwa imenyooka. Niliipima mara tatu, nikaipima na uzito ili isitofautiane na wenzake. Nikarudi nayo, nikafunga beringi mpya, ringi mpya, gasketi mpya. Wavuvi wanane wakaacha tena dagaa zao, injini ikarudi kwenye boti. Kisha nikachukua bomba na kuinua njia ya hewa mpaka usawa wa bega la Zefania, na mdomo wake nikaugeuzia chini. Boti ikaonekana kama imenyanyua mkono kuomba kuuliza swali. Ilikuwa mbaya kwa sura, lakini haikunywa tena.

Geji ikasoma ishirini na nane, ishirini na saba, ishirini na nane. Tukawasha. Nikauma bisibisi. Silinda ya pili ilikuwa inafanya kazi yake na haina neno na mtu. Zefania aliishika bloku kwa kiganja, halafu akaniambia ahsante mara moja tu na kwenda kufungua kamba. Kulikuwa na chanjo za kupeleka.

Fomu niliijaza ndani ya basi la kurudi, ndiyo maana mwandiko wake unapanda na kushuka na milima ya Umatengo. Kwenye chanzo niliandika maji yaliingia silinda ya pili kwa wimbi, stata ikapigwa kabla maji hayajatolewa, konrodi ikapinda. Nikaeleza upepo, uchungu, nani alikataa na nani aliamuru, sikuficha jina. Kwenye mstari wa uzembe niliandika kwamba siku mbili za watu wanane zilipotea kwa kufungua injini chini bila sababu, uzembe wa Fundi Restituta. Na kwa kuwa nafasi ilibaki, nikaongeza: abiria walioondoka, wanne, abiria waliofika, watano.

Mkuu aliniita. Alikuwa na ile kalamu nyekundu mkononi, na fomu mbele yake. Alisoma ukurasa wote nikiwa nimesimama, akarudi juu, akausoma tena. Nilianza kufikiria jinsi nitakavyomweleza Mama Filomena. Hatimaye akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa hesabu haikubali," akasema. "Wanne wametoka, watano wamefika. Huyu wa tano ni nani?"

"Ni mtoto, mkuu."

"Aliruhusiwa na nani kusafiri siku ya upepo?"

"Hakuomba ruhusa, mkuu. Alipandia njiani."

Akaniangalia juu ya miwani. Kisha akafunika kalamu nyekundu, akafungua droo, akatafuta ya bluu, akaweka sahihi.